Kitambaa cha Mama Mkwe

Kompyuta ya kwanza kuimiliki mie ilikuwa nzito kiasi kwamba siku tunaishusha kwenye pikapu, pale Temeke, barabara ilibonyea. Shimo lipo mpaka leo, kaangalieni. Nilinunua kwa mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao, ambaye aliuza kila kitu mpaka ndoo ya kudekia. Huko kwao ilikuwa mashine ya nyumbani tu, watoto wanachezea michezo ya kufukuzana na kutunguana. Mie niliitaka kwa jambo moja: ukiiunganisha na deki ya video, inaandika maneno juu ya picha.

Kazi yangu ilikuwa kupiga video za harusi. Shule mie niliionea dirishani, na dirisha lenyewe lilikuwa juu, mie mfupi. Lakini kamera haikuuliza cheti. Ndiyo kwanza vitu vimeanza kuingia nchini baada ya ile miaka ya kupangia sabuni foleni, kila mwenye sebule anatafuta deki, na kila mwenye deki anataka harusi yake ndani ya deki. Wapiga video wote wa Temeke tulikuwaga tunaandika majina ya maharusi kwenye kadibodi kwa kalamu nene, halafu tunaipiga picha kadibodi. Mie nikatokea na herufi za dhahabu, moyo mwekundu unadunda pembeni, na njiwa wawili wanaoruka kutoka kona hii kwenda kona ile. Wapinzani wangu walikonda. Mmoja nilimwona akifunga mkanda mara mbili kiunoni.

Sasa kitu kama hicho, kwa tulivyolelewa sie, hakiwezi kukaa uchi sebuleni. Redio ina kitambaa, televisheni ina kitambaa, kochi lina vitambaa mgongoni na mikononi, mpaka vitambaa vina vitambaa. Mama mkwe wangu, anayekaa Ukonga, aliposikia binti yake ameletewa kompyuta alinunua uzi mweupe, akakaa nao barazani, akafuma. Alichokileta hakikuwa kitambaa, kilikuwa shela la bibi harusi wa kifalme. Kizito, kina pindo la maua, kinashuka mbavu zote mbili mpaka mezani, na nyuma kinafunika mpaka nyaya. Ukitaka kufanya kazi unakipandisha mbele tu, taratibu, kama bwana harusi anavyomfunua mwenzake. Wageni walikuwa wanakisifia kitambaa kwanza, kompyuta baadaye.

Mke wangu yeye alikuwa mpiga chapa katika shirika moja la umma. Akipiga taipu, ukiwa nje unadhani mvua imeshuka kwenye bati. Niliwahi kuanua nguo kwa ajili yake. Halafu shirika likaanza kupunguza watu, naye akapunguzwa. Alirudi nyumbani na kikombe chake cha chai na kandambili alizokuwa anavaa chini ya meza, vyote ndani ya mfuko wa plastiki, akauweka mfuko juu ya kabati, na hakuufungua. Tulipita tukiuangalia, hakuna anayeugusa. Mwanamke aliyekuwa anaongea mpaka usingizini, akawa anajibu "ndiyo" na "haya". Mie kwa kelele zangu zote nilikuwa sijui nimchekeshe na nini.

Siku moja akavaa vizuri, akaenda Mikocheni, kwenye ofisi mpya ya mama mmoja mfanyabiashara. Yule mama akamuuliza, "Taipu najua unaijua. Kompyuta je?"

Mke wangu akajibu, "Tunayo nyumbani."

Hakudanganya. Ila kompyuta yetu ilijua njiwa. Disketi za maofisini ukizitia inazitazama tu kama ng'ombe anavyotazama gazeti. Tukaibeba hadi Kinondoni, kwa fundi wangu wa deki, kijana mcheshi ambaye midomo yake ilikuwa na skrubu muda wote, sijui alikuwa anakula saa ngapi. Akafungua mfuniko, akainama, akachungulia.

"Braza," akasema, "mashine yako ina mimba."

Akatuonyesha. Ndani humo, kwa ubavu, imelala bodi ndefu ya kijani, imejaa chipu kama kitumbua kilichojaa sukari. "Hii ni kompyuta nyingine kamili, shemeji," akamwambia mke wangu. "Ya kiofisi. Ina ubongo wake na kumbukumbu yake. Inajifanya ile mnayoitafuta. Imekaa humu tangu kwa mzungu, wala hamjawahi hata kuisalimia."

Tukaisalimia. Ilikuwa hai kweli, lakini ilikuwa ajuza. Mke wangu alipiga sentensi nzima, akakunja mikono, akasubiri. Herufi zikaanza kutoka moja moja kama watu wanaotoka msikitini wanatafuta viatu vyao. Na ile programu wanayotumia Mikocheni ndiyo ilikataa kabisa kufunguka, ikasema kumbukumbu haitoshi. Fundi akatema skrubu. "Ubongo unabadilishika. Tunang'oa huu wa zamani, tunachomeka kibao kidogo chenye ubongo wa nguvu palepale, tunaongeza na chipu za kumbukumbu. Ila hapa mjini hutavipata. Labda Dubai."

Pale mtaani tulikuwa na jirani mmoja mwenye duka la nguo, anayekwenda Dubai kufuata suti. Mtu huyo alikuwa mwenyekiti wa kila kitu. Harusi mwenyekiti yeye, msiba mwenyekiti yeye, wakicheza watoto mpira anauliza mwenyekiti wa mechi nani. Nilipomwendea kumweleza, akavua miwani.

"Hili jambo linataka kamati," akasema.

"Mwenyekiti, ni kitu kidogo tu, cha kuingia mfukoni."

"Bibi harusi naye ni mtu mmoja tu. Na mbona anaundiwa kamati?"

Mkutano ukaitishwa barazani kwangu, watu wakaja, maana hakuna pale ambaye sikuwa nimempigia video ya kwake au ya mwanawe. Kukawa na katibu, mhazini, na soda. Bibi mmoja, soda yake mkononi, akauliza bwana harusi ni nani. Mwenyekiti akamjibu kwamba bibi harusi ni bodi inayotoka Dubai, bwana harusi ni kompyuta, na wakwe ni sisi. Yule bibi akaridhika, akachangia. Kuna aliyeuliza sare ya kamati itakuwa rangi gani. Tulicheka mpaka soda zikatutokea puani, lakini kila mtu alichangia. Mke wangu alikuwa amekaa mlangoni, kanga kaikunja mapajani, na nilimwona anajiuma mdomo. Nadhani ndiyo alijua siku ile kwamba mtaa mzima walikuwa wanaujua ule mfuko juu ya kabati.

Vitu vikaja kutoka Dubai vimeviringishwa ndani ya fulana za watoto. Fundi akavichomeka mbele ya kamati nzima. Ubongo wa zamani aliung'oa kwa kijiko changu cha chai, akaunyanyua tuuone, mweusi, na miguu kama tandu. Watu wakauaga kwa heshima. Akakibonyeza kile kibao kipya, akapanga na chipu za kumbukumbu, akawasha. Namba zikaanza kupanda kwenye skrini, mashine inajihesabia kumbukumbu zake, inapanda, inapanda, bibi wa soda akapiga kigelegele. Programu ya Mikocheni ikafunguka. Mke wangu akavuta kiti, akapandisha vidole.

Mvua kwenye bati. Sasa mashine ndiyo iliyokuwa inamsubiri yeye. Niliondoka sebuleni nikaenda uani nikajifanya naangalia kuku, na kuku hatufugi.

Akarudi Mikocheni kueleza yuko tayari. Yule mama bosi akampa rundo la karatasi za zabuni, mwandiko wa mkono, na disketi moja ya ofisi. "Jumatatu asubuhi uniletee ndani ya disketi hiihii. Ikiwa safi, meza ile ya dirishani ni yako." Wiki nzima mke wangu alikuwa ananielezea ile meza. Dirisha linaangalia mti wenye maua mekundu. Droo zina funguo.

Ndipo mashine ikaanza vituko. Anaanza vizuri, anafika ukurasa wa pili au wa tatu, ghafla skrini inaganda. Ubonyeze nini, haisikii. Unazima, unawasha, inaganda tena. Alichokuwa hajakihifadhi kinapotea, anaanza upya. Anaanza upya, inaganda. Siku ya kwanza alicheka. Siku ya pili hakucheka.

Tukaipakia tena hadi Kinondoni. Kwa fundi ikashinda inafanya kazi mchana kutwa, haikohoi. "Hajambo kabisa huyu," fundi akasema. "Kwenu kuna nini?" Tukairudisha Temeke, tukaiweka mezani, tukaivisha kitambaa chake, ikaganda. Fundi akaja mwenyewe kuithibitisha, ikaganda mbele yake, skrubu zikamtoka mdomoni. Akaibeba Kinondoni, ikapona. Hebu fikiria mgonjwa ambaye hospitali anacheza mpira, akifika nyumbani anakata roho. Fundi akatuonya: "Shemeji, siku ikiganda wakati inaandika kwenye disketi, disketi yote inaweza kufa na kila kitu kilichomo."

Mwenyekiti akanivuta pembeni. "Hii ni husuda," akaninong'oneza. "Wale wapiga video uliowakondesha."

Mie nilisema ni umeme wa Temeke, ambao kweli ulikuwa unapanda na kushuka kama bei ya nyanya. Lakini usiku ule nyumba ilikuwa kimya, na ule mfuko wa plastiki bado uko juu ya kabati.

Aliyekuwa na raha ni paka tu. Tangu bodi mpya iingie alihama jikoni, akawa analala juu ya kompyuta, katikati ya maua ya mama mkwe, amejikunja kama andazi. Tulikuwa tunamcheka. Tunasema naye amejiunga na kamati.

Jumapili ilikuwa ndiyo siku ya kuvunja kamati. Maana kamati ikishaundwa lazima ivunjwe rasmi, kwa pilau, hata kama ni kamati ya kompyuta. Jumamosi asubuhi mama mkwe akaja kutoka Ukonga kusaidia kupika. Hata maji hajanywa akaona manyoya.

"Shikamoo mama," nikamwambia.

"Marahaba mkwe. Hiki ni kitambaa changu au mkeka wa paka?"

Akakivuta, akakikung'uta, akaenda kukifua. Mke wangu akakaa kwenye mashine ikiwa kichwa wazi, akaanza kupiga. Ukurasa wa kwanza. Wa pili. Wa tatu, mie nimeshika ukingo wa meza kama niko ndani ya jahazi. Haikuganda. Akaendelea mpaka jua likageuka, anahifadhi, anaendelea. Paka akaja, akaruka juu, akalikanyaga bati kwa miguu minne, akashangaa, akashuka akarudi jikoni.

Mke wangu akaacha kupiga. Akamwangalia paka anavyokwenda. Akaweka kiganja juu ya mashine. Halafu akageuka dirishani, ambako kitambaa kilikuwa kwenye kamba kinachuruzika maji.

"Baba watoto," akasema, "ni kitambaa."

"Kitambaa gani?"

"Cha mama. Kinaifunika matundu, inapikika humo ndani. Ule ubongo wa zamani ulikuwa mvivu, haukuwa na joto. Huu unakimbia. Kwa fundi inakaa uchi."

Wallahi, nilitamani ingekuwa husuda. Husuda ina dawa. Mama mkwe nitamwambiaje? Mtu aliyenipa mke, akafuma mpaka macho yakamwasha, nikamwambie shela lake ndilo linaloua kazi ya binti yake?

"Mwambie wewe, ni mama yako," nikasema.

"Mwambie wewe, ndiye mwenye mashine."

Tukalala hakuna aliyesema.

Jumapili kurasa za mwisho bado. Alfajiri aliamka akapiga, akapiga, wageni wakaanza kuingia yeye bado anapiga, sufuria zinanukia uani. Mwenyekiti akaja na suti ya Dubai yenye lebo bado mkononi. Alikuwa na mpango wake: mashine iwashwe, ifunikwe, yeye ahutubie, mwisho wa hotuba alifunue shela mwenyewe, watu waone herufi, kamati ivunjwe. Sasa hotuba za mwenyekiti yule tulikuwa tunazijua. Kuna harusi moja alihutubia, bibi harusi akaingia ukumbini msichana akatoka ana mvi.

Mama mkwe akatokea chumbani. Amekipiga kitambaa pasi, amekitia wanga, kinasimama chenyewe. Kakibeba kwa mikono miwili mbele yake, watu wakampisha. Akafika kwenye meza, akakinyanyua.

Mke wangu akaweka mkono katikati.

"Mama, usiifunike."

Mie nikaanza kuitazama dari, ambayo haikuwa na chochote.

"Kwa nini?" mama mkwe akauliza. "Kina uchafu?"

"Hakina, mama."

"Kitambaa changu kimekukosea nini mbele za watu?"

Mke wangu alimshika mama yake kifundo cha mkono, pole pole, akampeleka nyuma ya mashine kwenye feni, akaufungua mkono wake pale. Wakakaa hivyo. Niliiona sura ya mama mkwe ikibadilika, ile ya kuudhika inaondoka kidogo kidogo, inakuja ile ambayo mama anakuwa nayo akigusa paji la uso wa mtoto.

"Inahema," akasema.

"Inahema, mama. Tukiifunika inazimia, na kazi yangu inapotea. Kesho wananisubiri."

"Tangu lini?"

"Tangu ilipobadilishwa ubongo."

Mama mkwe akautoa mkono, akauangalia. "Mie nasema naistiri," akasema, kwa sauti ndogo, kama vile hatukuwepo. "Kumbe naikaba."

Hakuna aliyejua pa kuangalia. Ni mwenyekiti aliyetuokoa, na sidhani kama alikusudia. "Sasa mie," akauliza, "nitafunua nini?"

Yule bibi wa soda akaanza kucheka, mama mkwe akamfuata, nyumba nzima ikapasuka. Mama mkwe akafuta macho kwa pindo la kanga. "Izimeni," akaamuru. "Wanaume, inyanyueni." Mke wangu akahifadhi, akazima, wanaume wanne tukaibeba juu tukitweta, na mama mkwe akakitandika kitambaa chini yake, akayanyoosha maua yakaning'inia mbele ya meza. Tukaishusha juu yake. Ilipendeza kuliko mwanzo, nasema kweli, na mie si mtu wa kusema kweli sana.

Mwenyekiti akaivunja kamati kwa maneno machache kuliko yote maishani mwake, kwa sababu mke wangu alishawasha na kukaa, na mvua kwenye bati ikawa inamzidi sauti. Watu wakala pilau sahani mkononi wakimwangalia mgongoni. Kila akimaliza ukurasa wanashangilia kama goli.

Jumatatu aliamka, akasimama kwenye kiti, akaushusha mfuko kutoka juu ya kabati. Akatoa kikombe, akatoa kandambili, akavipangusa vumbi, akavirudisha, akaondoka na mfuko mkono mmoja na disketi mkono mwingine. Jioni alirudi na disketi tu, imejaa kazi nyingine. Mfuko kauacha Mikocheni.

Nimeshayafikiria sana haya, mie ambaye kufikiri si kazi yangu. Wiki nzima tulizunguka na mashine, tukalaumu umeme, tukalaumu watu, na kila tulipoirudisha nyumbani kitu cha kwanza tulichofanya, kwa mapenzi kabisa, ni kuifunika. Hata fundi aliifunua mbele tu kwa adabu, hakukivua. Nani angekivua? Kilifumwa kwa mkono.

Baada ya muda mama mkwe akaja kutembea. Akamuuliza mwanawe kompyuta za Mikocheni zikoje. Mke wangu akamwambia ziko nyingi, zote uchi, hata kitambaa cha leso hazina.

Mama mkwe akasikitika. Akafikiri, akauliza, "Na jioni mkizizima, zikishapoa?"

"Zinabaki hivyohivyo, mama."

Safari iliyofuata alileta kitambaa kingine, chepesi, kidogo, kimefumwa kwa matundu mapana. Mke wangu akakipeleka ofisini. Kila jioni akishazima anaigusa kwanza mashine kwa kiganja, anasubiri ipoe, ndipo anaifunika na kufunga droo. Yule mama bosi alimwona siku moja, akasimama mlangoni na mkoba wake begani, akauliza vinauzwa wapi.